Mjadala: Fulana za Vita vya Kagera kwa vijana wa leo, tuchape au tuache?

Mleta mada (Nyamagana)
25 Julai, Siku ya Mashujaa, inakaribia, na kuna wazo la kuchapa fulana na mabango ya kuhamasisha vijana kufanya usafi: askari wa 1978 mbele, chini "Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo". Mimi napinga. Mwalimu Nyerere alisema hayo 2 Novemba 1978, siku moja baada ya Idi Amin kutangaza kwamba ardhi yetu hadi mto Kagera ni ya Uganda. Alisema uwezo *wa kumpiga* tunao. "Kumpiga" ikikatwa, kinabaki kibwagizo cha kufagilia mitaro. Wakuu, mnasemaje?

Mchapaji (Igoma)
Mkuu, kinachoharibu zaidi ni picha, na sababu yake ni ya kiwandani. Picha za vita ile mara nyingi tunaletewa zimekatwa gazetini, tayari zina vidoti vya wino vinavyounda picha gazetini. Ukiziskani ukaweka vidoti vyako juu yake, vinagombana, fulana inatoka na mawimbi. Suluhisho ni kuskani kwa vidoti 600 kwa inchi (dpi), kufifisha mpaka vidoti vya zamani vipotee, kisha kuweka vipya kwa pembe nyingine. Sura inataka skrini, yaani kitambaa cha wavu cha kupitishia wino, ya nyuzi 77 kwa sentimita. Ile ya 43 ni ya maandishi. Skrini hupakwa dawa inayogandishwa kwa mwanga: mwanga ukizidi, mistari myembamba inaziba. Ukipungua, dawa inabanduka yote ukiosha. Na Julai hewa ni kavu, wino wa maji unagandia kwenye nyuzi ukisimama kidogo tu.

Sasa mteja anataka kesho. Fundi anachukua picha safi ya intaneti, na anayetoka ni Mmarekani wa Vietnam ameshika M16 yenye mkono wa kubebea juu. JWTZ walibeba SMG (bunduki) za Kichina, magazini imepinda.

Mwalimu wa historia
Mbinu yenyewe ya kutumia askari wa zamani kuhamasisha wa leo si dhambi. Mwaka 1943 Bernard Perlin alichora bango la Marekani: askari wa wakati huo wanapita mbele ya wale wa 1778, wa vita vya uhuru wa Marekani. Urusi mwaka 1941, wachoraji watatu walioitwa Kukryniksy waliweka kina Suvorov, jenerali wa zamani, nyuma ya askari wapya. Lakini tazameni la Perlin: wa 1778 wamevaa matambara, na miaka yote miwili imeandikwa. Mtazamaji anaiona gharama. Sisi tunaweka misuli na bendera, mwaka hatuweki. Kaboya, kule Muleba, wamelala askari zaidi ya 600. Kwenye bango wapo wapi?

Muuza nguo (Makoroboi)
Mwalimu, makaburi kifuani nani atanunua? Hata khanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi), na jina ni mstari mmoja. Hotuba nzima haiingii.

Mwalimu wa historia
Dada, jina liwe fupi, sawa. Mji si una nafasi? Weka humo tarehe na mto. Halafu ondoeni sura ya Amin na neno "nduli". Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana upande wetu hadi Kampala ilipoanguka 11 Aprili 1979. Leo meli ya MV Umoja inavusha mabehewa hadi Port Bell, Uganda, na mtoto wa mfanyabiashara wa kule akiiona fulana hiyo ataelewa anasimangwa yeye.

Mleta mada
Na Mwanza yetu mbona haimo? Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ililenga bohari ya mafuta hapa mjini, ikakosa, ikapiga kisiwa cha Saanane na kuua wanyama.

Muuza nguo
Swala aliyekufa ndiye ahamasishe vijana?

Mleta mada
Afadhali yeye kuliko Mmarekani wa Vietnam. Kuitumia vita kuhamasisha usafi mimi bado napinga, ila vita ikichapwa kama vita, sina neno.

Mchapaji
Basi leteni ramani ya mistari mitupu: ziwa, Saanane, mto Kagera, daraja la Kyaka lililovunjwa, na "1978–1979". Haina vidoti, rangi mbili zinatosha, skrini ya 43. Mistari isipungue milimita moja, la sivyo wino unaunganisha kisiwa na nchi kavu.