Spika za JBL za miaka ya 1980, sponji ya wufa imeoza: nitengeneze au ninunue mpya?

mwambao_tanga
Wakuu, naomba ushauri. Nina jozi ya spika za JBL za miaka ya 1980, njia tatu (wufa ya besi, spika ya sauti za kati na twita ya sauti nyembamba), wufa za inchi 10. Sponji ya ukingo, inayoshika karatasi ya wufa kwenye fremu, imeoza pande zote mbili, ukiigusa inabaki unga mweusi unaonata. Sauti ikipanda besi inakwaruza, na twita ya kulia inasikika kwa mbali. Amplifaya ni ya wati 60 kila upande. Fundi ananishauri niziache, ninunue spika ndogo mpya zenye wufa ya inchi 5. Mnasemaje?

Koili8
Mkuu, sponji kuoza si kifo cha spika. Hiyo ni poliurethani. Joto na unyevu wa pwani huimaliza hata kama spika haipigwi. Swali ni kama koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, ni nzima. Zima amplifaya, fungua wufa, chomoa waya zake, pima ukinzani wa umeme (omu) kwa multimita. Wufa ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma chini mno, imeungua na mizunguko imegusana.

Kisha weka vidole kuzunguka kofia ya katikati, sukuma karatasi ndani polepole. Ikikwaruza usikate tamaa, maana sponji ikiachia karatasi hulala upande na koili hugusa chuma. Inyanyue kidogo, sukuma tena. Mkwaruzo usipoisha popote unapoishika, koili imevimba au mwanya wa sumaku una uchafu.

Twita hamisha ya kulia iende kushoto na ya kushoto ije kulia. Hitilafu ikihama nayo, twita ndiyo mbovu. Ikibaki kulia, tafuta kwenye krosova (saketi ndani ya boksi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) au kwenye swichi ya kuzungusha ya kupunguza sauti nyembamba. Muziki usipige kwanza. Koili iliyolala upande inajikwangua kila ikitikisika.

mwambao_tanga
Shukrani mkuu. Wufa ya kushoto 5.9, ya kulia 6.1. Mkwaruzo unaisha nikinyanyua karatasi. Twita zote zinasoma sawa, hitilafu imebaki kulia. Swichi nikiizungusha inachacharika, sauti inarudi na kupotea.

Koili8
Basi tengeneza, moyo wa spika ni mzima. Swichi imeshika kutu: puliza spreo ya kusafishia kontakti, izungushe mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi. Ukiwa humo ndani, nyanyua mguu mmoja wa kila kapasita ya elektrolaiti ya krosova uipime. Ikipishana na maandishi yake kwa zaidi ya asilimia 10, badilisha pande zote mbili, mikrofaradi zilezile, volti 100 au zaidi, isiyo na chanya na hasi. Zile za kwenye redio zenye alama ya hasi usiziweke kabisa, umeme wa muziki unageuka geuka na utaziharibu. Ukiweka kapasita za filamu, twita inaweza kuwa kali kuliko zamani. Rizista ya nusu omu ya wati 10 mfululizo na kapasita huirudisha mahali pake.

dada_krosova
Kaka, sponji mpya usiagize kwa kusema "inchi 10" tu, zinatofautiana. Pima kipenyo cha karatasi, kipenyo cha ndani cha fremu na upana wa tuta la sponji. Na usikubali raba: ni nzito na ngumu kuliko sponji, inabadilisha mlio wa besi kwenye boksi lililopigiwa hesabu ya sponji.

Gundi ya zamani ilainishe kwa spiriti ya isopropili, ikwangue taratibu hadi karatasi na fremu viwe safi. Kazi nyingi iko hapa, na wenye haraka hapa ndio sponji yao inabanduka. Gandisha kwenye karatasi kwanza kwa gundi nyeupe ya maji, acha ikauke usiku kucha. Kabla ya kugandisha kwenye fremu, kata kofia ya katikati kwa wembe, uingize vipande vinne vya filamu ya plastiki kati ya koili na nguzo ya sumaku, unene sawa pande zote. Ndivyo koili inakaa katikati. Sasa bandika fremu, bana kwa vibanio vya nguo, subiri saa 24, toa vipande, rudisha kofia. Jaribu kwa toni ya hezi 30, sauti ndogo: karatasi itembee kimya.

mzee_ampli
Naongezea upande wa kununua. Ningekuunga mkono kununua kama koili zote mbili zingekuwa zimeungua, au chipubodi ya boksi imevimba kwa unyevu na viungo vimeachia. Kagua chini na nyuma. Lakini kwenda inchi 5 si kupanda daraja kwa besi: eneo la karatasi ni kama robo ya lako, kwa hiyo ingebidi itembee mara nne zaidi kusukuma hewa ileile, na haiwezi.

Kabla hujaunganisha wufa zilizopona, pima amplifaya. Iwashe bila muziki, multimita kwenye milivolti za DC (umeme usiogeuka geuka), kwenye tundu za spika. Chini ya 50 endelea. Ikizidi 100 ipeleke kwa fundi kwanza, la sivyo itachoma hizo koili ulizozihangaikia.