Kwilti za kukata bila pateni: kingo zinafanya mawimbi

Kiraka_Kipya: Habari zenu mafundi. Najifunza kwilti (blanketi za viraka) za kisasa, zile za kukata kwa macho tu, bila rula wala pateni. Nachanganya vitenge vya pamba na shuka nyeupe. Vipande vyenye tao vinanigomea: nikiunganisha hadi sm 40, katikati panalala lakini kingo zinapanda na kushuka. Pini naweka kila sm 2. Nakosea wapi?

UziMweupe: Salama. Toa pini kwanza. Tao limejaa mshazari, yaani mkato usiofuata nyuzi za kitambaa, na mshazari unavutika. Pini nyingi zinauvuta zaidi. Halafu umekata vipi? Kila kitambaa kikikatwa peke yake, matao hayalingani.

Laza vyote viwili, uso juu, vipandane sm 5. Kata tao moja kupitia vyote kwa mkupuo, kwa kisu cha gurudumu. Kabla hujavitenganisha, piga chaki mistari minne ya kuvuka mkato, ndipo utoe masalio ya juu na ya chini. Tao lisiingie ndani zaidi ya sm 3 kwa urefu wa sm 30. Shona uso kwa uso, chaki kwa chaki, nafasi ya mshono (toka ukingoni) mm 6, hatua ya sindano mm 2. Kitambaa cha juu kishike kwa vidole, usikivute.

Pasi nayo: bonyeza, inua, hamisha. Ukiiburuza unatengeneza mawimbi mwenyewe.

FundiMshazari: Naongeza moja: tia kitambaa wanga, kabla ya kukata na si baada. Na kitenge kifuliwe kwanza. Chekundu kikichuja kwenye shuka nyeupe, ni taabu kuitoa rangi.

Hicho kilichoharibika usikitupe. Kingo zikiwa na mawimbi maana yake ni ndefu kuliko katikati. Kata kutoka ukingoni kuelekea kati, pandanisha hadi kilale, punguza kabari (kipande cha pembetatu kilichozidi), shona. Katikati pakivimba, ni kinyume chake: pasua ukingo, ongeza kabari.

Kiraka_Kipya: Asanteni sana. Na zile tepe nyembamba za kitambaa za kupita katikati ya kipande?

UziMweupe: Pasua kipande, weka tepe ya sm 2.4. Mishono miwili inaila sm 1.2, inaonekana sm 1.2; kipande nacho kinaliwa sm 1.2, kwa hiyo kinabaki na ukubwa uleule. Ukiweka ya sm 5, kinakua kwa sm 2.6, kisha unashangaa mbona hakilingani na jirani yake.

Tepe ya pili ikivuka ya kwanza kimshazari, ya kwanza itaonekana imevunjika. Wengine wanaipenda hivyo, hata mimi. Ukitaka inyooke, pima pale inapokutana na mstari wa mshono, mm 6 ndani, si kwenye ukingo uliokatwa.

FundiMshazari: Kama matao bado yanakusumbua, anza na mtindo wa Housetop wa akina mama washona kwilti wa Gee's Bend, Alabama, Marekani: kiraka kimoja katikati, vipande vya mstari vinakizunguka. Vikate bila rula, vipinde kidogo. Sawazisha kingo kila baada ya mzunguko mmoja; ukisubiri mizunguko minne, utakuwa umechelewa.