Kumtoa mrushaji akiwa wa moto: kocha wa Tampa Bay alikosea au tunamwonea?

Mwokaji_Mwanjelwa

Wakuu, heshima kwenu. Najua wengi hapa ni Simba na Yanga, ila kuna wawili watatu mnaofuatilia besiboli, naomba mnisikilize.

Mimi ni mwokaji mikate hapa Mwanjelwa, Mbeya. Naingia jikoni saa nane usiku. Mechi za mtoano za Marekani zikianza saa mbili usiku kwa saa za New York, kwangu ni saa tisa, unga wa kwanza ndiyo kwanza umefunikwa uumuke. Mchezo huu nilifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekuja kutufundisha hesabu sekondari. Alikuwa na glavu mbili na mpira mmoja. Mpira ulipopotelea kwenye mahindi ya jirani, ligi yetu ikafa siku hiyohiyo. Ndiyo maana mpaka leo nasema "homurani" kama alivyokuwa akisema yeye, yaani mpira uliopigwa ukaruka nje ya uwanja.

Sasa swali. Oktoba 27, 2020, mechi ya sita ya fainali, Tampa Bay Rays na Los Angeles Dodgers, pale Arlington, Texas. Rays wameshafungwa mechi tatu kwa mbili, wakipoteza hii wamekwisha. Wanaongoza 1-0. Mrushaji wao Blake Snell ametoa watu tisa kwa straiki (wamerudi benchi bila kuupiga mpira), amepigwa mara moja tu, mirusho haijafika hata themanini. Awamu ya sita kati ya tisa, mmoja ameshatoka (wakitoka watatu zamu yao ya kupiga imeisha), Austin Barnes anapiga na kufika beisi ya kwanza. Hiyo ni mara ya pili tu kwa Snell kupigwa jioni nzima. Mirusho 73.

Kocha Kevin Cash akatoka benchi na kumnyang'anya mpira.

Waliokuwa wanafuata ni Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner. Hao watatu walishasimama mbele ya Snell mara sita usiku ule, na mara zote sita walirudi benchi kwa straiki! Nami nilikuwa nasoma maandishi tu kwenye simu niliyoiegemeza kwenye ndoo ya mafuta, maana video inakula bando. Mikono ina unga mpaka viwikoni, kioo nakigusa kwa fundo la kidole. Nikaona limeandikwa jina la Nick Anderson, mrushaji wa akiba. Nikadhani mtandao umekosea jina.

Betts akapiga mpira wa beisi mbili, yaani uliomfikisha beisi ya pili. Anderson akarusha mwingine ukampita mdakaji, Barnes akafika nyumbani, 1-1. Seager akapiga wa chini, Betts naye akaingia, 2-1. Awamu ya nane Betts akaongeza homurani yake, 3-1, kombe likaenda Los Angeles kwa mara ya kwanza tangu 1988. Na kwa wasioujua mchezo: mrushaji akishatolewa harudi. Hakuna kusema samahani.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa na kipande cha boksi kimegongewa misumari ukutani: kuumua dakika 60, tanuri dakika 35. Vipimo alivitoa Dar. Julai hapa kwetu unga unalala kama mtu mwenye homa, saa nzima haujasogea, lakini boksi limesema dakika 60, basi unaingia motoni. Tukawa tunauza matofali. Kila nikimwona Cash anatoka benchi naliona lile boksi.

Nani humu angemwacha Snell? Na angemwacha mpaka wapi?

Mwl_Gangilonga

Kamwene, kaka. Nafundisha hesabu Iringa, kwa hiyo unajua nasimama wapi.

Cash hakubahatisha. Mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu ndani ya mechi moja, kwa wastani anapiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza na ya pili. Ameshauona mpira unavyokata, ameshajua anarusha nini akibanwa. Barnes alikuwa mtu wa mwisho kwenye orodha. Betts ndiye alikuwa anaianza safari ya tatu. Na Snell huyohuyo, msimu wote wa kawaida wa 2020 hakumaliza awamu sita hata siku moja. Kwa hiyo hukuwa unaongelea mtu aliyezoea kufika mbali, akakatishwa njiani.

Hizo mara sita unazozitaja ni chache mno. Nikirusha sarafu mara sita ikalala kichwa zote, mwanafunzi wangu akiniambia ya saba nayo lazima iwe kichwa, nampa sifuri.

Ila nitakupa nusu ya hoja. Anderson alikuwa moto wa kuotea mbali msimu wa kawaida, lakini kwenye mtoano ule alikuwa ameshaingia mechi sita mfululizo na kila mechi akaruhusu pointi. Ile ya fainali ikawa ya saba. Sasa mtu anayeheshimu takwimu anaziachaje hizo? Kosa la Cash silioni kwenye kumtoa Snell. Naliona kwa yule aliyemkabidhi mpira. Watu wanamlaumu kwa kufuata hesabu kupita kiasi, mimi namlaumu kwa kuisoma nusu.

Semi_Tunduma

Mwokaji, mimi ni dereva wa malori, Dar mpaka Tunduma, na besiboli nilianza kuifuatilia kwa sababu ya foleni ya mpakani. Ukikaa siku mbili kwenye foleni utafuatilia chochote.

Wewe umeleta kocha aliyewahi kutoa. Mimi nakuletea aliyechelewa. Oktoba 16, 2003, mechi ya saba ya kuwania kwenda fainali, Boston Red Sox wako uwanjani kwa Yankees, wanaongoza 5-2, awamu ya nane. Mrushaji ni Pedro Martínez, na kwa enzi zile ukiniambia kuna mrushaji mkali kuliko yeye tutagombana. Mmoja ametoka. Derek Jeter anapiga beisi mbili. Bernie Williams anapiga, 5-3. Kocha Grady Little anatembea mpaka pale kwenye kilima cha mrushaji, anamuuliza Pedro vipi, bado unaweza? Pedro anasema naweza. Little anageuka anarudi benchi!

Hideki Matsui beisi mbili. Jorge Posada kampiga mpira wa kudondoka katikati ya watu, 5-5. Ndipo Pedro akatolewa, mirusho 123. Awamu ya 11 Aaron Boone akapiga homurani kwa Tim Wakefield, Boston wakaenda nyumbani, na Little hakurudi kazini msimu uliofuata.

Kumuuliza dereva aliye kwenye mteremko mkali wa Kitonga kama amechoka ni kupoteza muda. Nani atakuambia nimechoka? Mimi nimeteremka Kitonga macho yananata, turnboy ananiuliza "mzee uko poa?" nikamjibu niko poa, na nilikuwa naona barabara mbili. Mabasi ya mbali yanabeba dereva wa pili kwa sababu hiyo, na wa kwanza haulizwi.

Kwa hiyo mwalimu yuko sahihi zaidi yako. Mtu akiwa kazini hajioni.

Jangwani_Soweto

Niko Soweto hapa Mbeya na sijaelewa hata nusu, ila hiyo Boston na Yankees imenivutia. Ni kama sisi na wale wa Msimbazi? Nani ni nani?

Mwokaji_Mwanjelwa

Jangwani, utani wao unawazidi wenu kwa uchungu. Boston walikuwa na Babe Ruth, wakamuuza kwa Yankees, biashara ikatangazwa Januari 1920. Boston walikuwa wamechukua ubingwa 1918. Baada ya kumuuza hawakuuona tena mpaka 2004. Miaka 86! Jaribu kufikiria muuze mshambuliaji wenu avuke kwenda Msimbazi, halafu mjukuu wako afe mzee hajaona kombe. Nani ni nani utajipangia mwenyewe, mimi sitaki kesi na wateja.

Na hiyo 2004 ndiyo tamu. Mwaka mmoja tu baada ya ile ya Semi, timu zilezile, hatua ileile. Yankees wanaongoza mechi tatu bila. Mechi ya nne, awamu ya tisa, Boston wako nyuma kwa pointi moja, anaingizwa mtu mmoja kazi yake kukimbia tu, Dave Roberts. Kila mtu uwanjani anajua ataiba beisi ya pili, yaani ataikimbilia bila kungoja mpira upigwe, na akaiba. Boston wakasawazisha, wakashinda ile, wakashinda nne mfululizo.

Sasa shikeni hapa. Roberts huyo ndiye kocha wa Dodgers leo, hata ile 2020 alikuwa benchi la pili akimwangalia Cash. Na Aaron Boone wa homurani ya 2003 ndiye kocha wa Yankees. Mwaka 2024 wakakutana fainali.

Mechi ya kwanza ilianza saa tisa usiku kwetu, ikafika awamu ya kumi kumeshapambazuka, Jumamosi. Siku hiyo nilijitoa mhanga nikanunua bando la video. Yankees wanaongoza 3-2, Dodgers wana watu wawili kwenye beisi, mmoja ametoka, anakuja Shohei Ohtani. Boone anamwita Nestor Cortes, ambaye hakuwa amerusha mechi yoyote tangu Septemba 18 kwa sababu ya mkono. Mrusho wa kwanza, Ohtani anaupiga juu, unadakwa pembeni karibu na mashabiki. Wawili nje. Beisi ya kwanza iko wazi, Betts akapewa beisi hiyo bure, bila kurushiwa, ili Cortes wa mkono wa kushoto akutane na Freddie Freeman anayepigia kushoto, tena Freeman anachechemea kifundo cha mguu. Mrusho wa pili wa Cortes usiku ule. Freeman akautuma jukwaani, watu wote wanne wakaingia, 6-3. Mechi ya fainali haijawahi kumalizwa hivyo kabla ya siku ile.

Nilipiga kelele mpaka akina mama wenye vibanda vya chai waliokuwa wanasubiri dirishani wakadhani nimeungua. Nikawaambia mzima. Kisha mmoja akauliza, "Mwanangu, hiyo harufu ya nini?"

Mikate sitini. Kuni za mlingoti zilikuwa zimekolea, nikafungua mlango wa tanuri nikakutana na mkaa. Kwa hiyo Semi, hiyo ya mtu hajioni nimeilipia kwa fedha yangu, bosi alinikata. Lile boksi la ukutani lingeniokoa asubuhi ile. Lakini bado ningemwacha Snell amkabili Betts. Mmoja tu! Akipigwa, ndiyo natoka benchi.

Mwl_Gangilonga

"Mmoja tu" ndiyo maneno ya Grady Little.

Ila kwa Boone niko nawe. Alikuwa na Tim Hill tayari, naye wa kushoto, naye mzima. Kushoto kwa kushoto ni hesabu nzuri, lakini ni hesabu ya mrushaji aliye kwenye mazoea ya mechi, siyo aliyekaa zaidi ya mwezi. Mirusho miwili: mmoja ulimfanya aonekane fundi, wa pili ukammaliza. Kama Freeman angeudondosha wa kudakwa leo tungekuwa tunamsifu, na uamuzi ungekuwa mbovu vilevile. Hapo ndipo huwa nashindwa kuelewana na mashabiki.

Mwokaji_Mwanjelwa

Basi mwalimu nihesabie na hii. Fainali ya 2025, mechi ya saba, Novemba 1, Toronto. Sikuiona moja kwa moja, siku zile mtandao ulikuwa umezimwa. Uliporudi nikaitazama kama ndiyo inachezwa, maana Mbeya hakuna wa kunitobolea matokeo ya besiboli. Yoshinobu Yamamoto, mrushaji Mjapani wa Dodgers, alianza mechi ya sita Ijumaa, mirusho 96. Jumamosi Roberts anamwingiza tena awamu ya tisa, 4-4, watu wawili kwenye beisi. Akatoka humo salama, akaendelea mpaka ya 11, mirusho 34, Dodgers 5-4, mabingwa. Boksi gani la ukutani lingekubali hilo? Nilimkumbuka mwalimu wangu yule wa glavu mbili.

Mwl_Gangilonga

Halikubali. Na ningekuwa mimi, Yamamoto angekuwa amekaa na barafu begani, na huenda kombe lingebaki Toronto. Nimekubali hiyo moja. Usiizoee.

Semi_Tunduma

Huyo dereva wa jana ndiye aliyeshika usukani tena leo na akafika. Wapo wa hivyo, nawafahamu wawili, na mmoja hayupo tena.

Mwokaji, kesho kutwa napita hapo saa kumi na moja alfajiri naelekea mpakani. Niwekee mikate kumi, isiwe ya zile sitini.