Mrejesho: fundi wa tanga na kamba za mashua, Lamu

Shukrani wakuu mliojibu nilipouliza wapi nitapata fundi wa uhakika wa tanga lililochanika na henza (kamba ya kupandishia tanga) iliyolika. Mlioelekeza Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, mlisema kweli.

Tanga ni la marikani (kitambaa cha pamba), lilichanika sentimita 40 karibu na pembe ya demani (kamba ya kuongozea tanga). Kitambaa cha kiraka kililowekwa kikaanikwa kabla ya kukatwa, maana pamba mpya hurudi, yaani hupungua, ikipata maji, na kiraka kisichorudishwa kwanza hulivuta tanga likajikunja. Kimezidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, nyuzi zake zinaenda sambamba na za tanga, mishono miwili. Tafadhali msikubali kiraka cha turubai la plastiki juu ya pamba! Havinyumbuki sawasawa, tanga litachanika tena pembeni mwake palepale.

Henza nayo haikulika kwa kosa lake. Gurudumu la gofia (kapi inamopita henza) liligoma kuzunguka, kamba ikawa inasuguliwa badala ya kuteleza. Kubadili kamba peke yake kungekuwa hasara tupu. Gofia imefunguliwa, msumari wake umebadilishwa na kupakwa mafuta, ndipo kamba mpya ikapitishwa.

Bado kukaza upya kamba za foromali (boriti inayobeba tanga) baada ya safari ya kwanza, zikishalegea.