Tupeane uzoefu: Wewe uliyefundisha darasa la awali, nani alikufundisha kukaa na watoto wadogo?

Mama Chaki
Wakuu, habari za jioni. Leo nawaita walimu wa awali, chekechea, nasari, hata wa shule shikizi.

Nilimaliza chuo cha ualimu, Daraja la A, nikijiona nimeiva. Nikapangiwa shule ya kijijini, mwalimu mkuu akanipeleka moja kwa moja darasa la awali. Watoto 113! Mwongozo unataka 25 kwa mwalimu mmoja. Ilikuwa 2017, mwaka mmoja tu tangu elimu bila ada ianze, na wengine walikuja na wadogo zao mgongoni.

Nikaandika a e i o u ubaoni, nikashika fimbo ya kuonyeshea, nikasema "haya, tusome". Wawili wamelala. Mmoja anakula chaki. Wa mbele kabisa amejikojolea, ametulia tuli anatazama mkojo unavyotambaa kuja kwenye viatu vyangu. Saikolojia ya mtoto niliifaulu vizuri chuoni, lakini kwenye mtihani huyu hakuwemo.

Nyie wenzangu mlifunzwa wapi, na nini kilikuja kukusaidia kweli? Karibuni.

Mgeni wa Usukumani
Mama Chaki, pole. Mimi kwetu Kilimanjaro, nikapangiwa Simiyu. Kuna katoto kila ikifika saa nne kanakuja mbele yangu kananiambia "minzi". Nikajua ndiyo jina lake, nikawa nakaita Minzi. "Minzi, kaa chini." "Minzi, hujambo?" Wiki nzima! Mpaka mwanafunzi wa darasa la sita aliyeleta chaki akaangua kicheko: mwalimu, huyu anaomba maji.

Niliumia sana. Watoto wale Kiswahili walikuwa wanakisikia redioni tu, na mimi ndicho nilichofundishwa kufundishia. Nikamwomba mama mmoja jirani wa shule, kamaliza kidato cha nne yuko nyumbani, awe anakaa nami darasani. Asubuhi anawaamkia "mwangaluka", ananisaidia hadithi kwa Kisukuma, mimi naidaka kwa Kiswahili. Mpaka naondoka, yule mama hakuwahi kulipwa, zaidi ya mahindi ya wazazi wakati wa mavuno.

Mama Chaki
Mgeni, nimecheka halafu nikanyamaza.

Bi Ukaya
Salamu kutoka Kwale, Kenya. Mimi nilianza nasari ya kijiji 1994, chini ya mwembe, mshahara ni karo ya wazazi, na mzazi akikosa samaki nami nakosa. Baadaye nikaingia kozi ya miaka miwili ya DICECE, kile kituo cha wilaya cha elimu ya watoto wadogo. Ilikuwa hivi: shule zikifungwa Aprili, Agosti na Disemba, sisi ndio tunaingia darasani. Zikifunguliwa, twarudi kwa watoto na mkufunzi anatufuata huko huko.

Siku moja mkufunzi wangu alikuja akaketi jamvini nyuma ya watoto, nusu saa nzima bila kuandika kitu. Mimi naimba, napiga makofi, nataka anione. Tulipotoka akaniuliza: "Yule wa kando ya mlango leo amesema maneno mangapi?" Sikujua. Ziara iliyofuata akaja na swali lile lile. Hapo nikaanza kunyamaza mimi, niwasikilize wao.

Zana tulifunzwa kuzitengeneza: vifuu, kombe za pwani, vizibo, wanasesere wa vitambaa. Siku hizi nasari ziko chini ya kaunti, tangu katiba ya 2010, na vijana wanakuja na diploma. Wamesoma kutupita. Lakini jamvini hawaketi, wanaogopa kuchafua nguo.

Trei ya Mchele
Bi Ukaya, shikamoo. Mimi nilisoma Montessori kwa masista. Mwanzoni mtoto hatukumgusa. Sisi watu wazima, wengine wana wajukuu, tumekaa sakafuni tunamimina mchele toka jagi hili kwenda lile. Ukimwaga unaokota punje moja moja. Nilitaka kutoroka. Nilikuja kuelewa nikiwa darasani: mkono uliozoea kumimina ndio unaokuja kushika penseli bila kutetemeka.

Vifaa vyake vikinunuliwa kamili ni ghali mno. Herufi za msasa nilijitengenezea: msasa wa duka la vifaa vya ujenzi, vipande vya mbao vya kuomba kwa seremala, gundi. Mtoto anapitisha vidole viwili juu ya herufi huku anatamka sauti yake.

Sasa niko shule ya binafsi mjini. Wazazi wanataka mtoto wa miaka mitatu arudi na kazi ya nyumbani. Baba mmoja alinijia juu, "mbona daftari jeupe?" Nikampa majagi yangu mawili, nikamwambia mimina. Akamwaga. Hakuuliza tena, ila muhula uliofuata alimhamisha mtoto.

Mstaafu
Mimi ni mmoja wa wale walimu wakuu mnaowasema. Awali nilikuwa nampeleka mwalimu mjamzito, mgonjwa, au anayehesabu miezi astaafu. Mwenye nguvu namweka darasa la saba, maana ndilo linalonipandisha au kunishusha kwa afisa elimu. Halafu darasa la tatu nikikuta mtoto hajui KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), namfokea mwalimu wa darasa la tatu.

Mama Chaki
Mzee wangu, shikamoo. Asante kwa kusema.

Ajira Mpya
Samahani wakubwa, shikamooni. Nimesoma uzi wote. Naripoti Jumatatu, nimeambiwa awali, watoto kama 90. Nianze na herufi au namba?

Mgeni wa Usukumani
Anza na choo. Watoe kumi kumi, uwaonyeshe kilipo na mlango unavyofungwa kwa ndani. Wengine hawajawahi kukiona chenye mlango.

Bi Ukaya
Na kufunguliwa, mwanangu. Waonyeshe na kufungua.