Nimetoka kikundi cha dini kilichobana: naanzia wapi kupima niliyofundishwa?

Bi_wa_Tudor aliuliza:

Salama wakuu. Swali langu ni la namna ya kufanya, si la kubishana dini ipi ni ya haki. Mtu amelelewa katika kikundi ambacho kiongozi ndiye aliyeamua uolewe na nani, usome nini, na nani katika jamaa zako "amepotea". Sasa ametoka, lakini karibu kila kilichomo kichwani kimetoka kulekule. Mengine ni upuuzi mtupu, mengine huenda ni kweli. Achambue vipi? Mitandaoni naona kambi mbili tu, moja yasema rudi, nyingine yasema tupa yote. La pili: mbona hofu haiondoki hata pale akili imeshakubali kwamba tishio lilikuwa la bure? Naomba hatua, si ushuhuda.

Mzee_wa_Kibokoni:

Mwanangu, usianze na swali la kama Mungu yupo. Hilo ni kubwa, na aliyezoea kupewa jibu zima atataka alimalize usiku mmoja. Anza na madogo yanayoshikika.

Nunua daftari la kurasa 96. Kila ukurasa imani moja, kwa sentensi kamili, kama ilivyosemwa. "Dunia imeharibika" haifai, haina pa kuishika. "Anayeacha kikundi hupatwa na ajali ndani ya mwaka" inafaa. Chini yake jibu maswali manne: nimeipata kwa nani; yeye alijuaje; ingekuwa si kweli, tungeona nini; na nani anapata nini mimi nikiiamini. La pili ndilo linalokwamisha. Wengi huandika "alioteshwa" kisha wakasonga mbele. Usisonge. Alioteshwa lini, alimwambia nani kabla ya tukio, au sote tulisikia baada?

Kisha ipe daraja. Mizani tunayo tayari, tumeirithi kwa wanavyuoni: yakini, dhana, shaka, wahamu. Yakini haiachi nafasi kwa upande wa pili. Dhana imeelemea upande mmoja. Shaka ni nusu kwa nusu. Wahamu ni ule upande mwepesi, unaowezekana lakini hauna uzito. Kikundi kinachobana huwa na madaraja mawili tu, yakini na uasi, na mtu akitoka na madaraja hayohayo hugeuza majina basi: jana yote yakini, leo yote uongo. Ndiyo maana kambi zako mbili zinafanana. "Usiseme uongo", ukiipima, utaona ina mguu mwingine wa kusimamia nje ya yule kiongozi, kwani soko la Kongowea hapa Mombasa halitembei hata siku moja bila neno la mtu kuaminiwa. Hiyo inabaki. Kurasa tatu kwa wiki zatosha. Wanaojaza ishirini kwa usiku mmoja huishia kuandika hasira.

Na ukiambiwa kuuliza ni utovu wa adabu, kumbuka wanavyuoni wa hadithi, yaani habari zilizopokewa kutoka kwa Mtume, kazi yao ndiyo hiyo: nani kapokea kwa nani, walikutana kweli, kumbukumbu yake ilikuwaje, na maneno yenyewe yanapingana na lililo imara zaidi? Hapo ndipo zikapatikana sahihi, hasan (njema, chini kidogo ya sahihi), dhaifu na za kuzuliwa. Kwa Wakristo, Wathesalonike wa Kwanza 5:21 inaamuru mambo yote yajaribiwe. Anayekukataza kuuliza anakudai zaidi ya vitabu vyake mwenyewe.

Kongowea_Hesabu:

Nakubaliana na Mzee ila kwa mpangilio. Mimi ningeanza na unabii, kwa sababu unahesabika, na jibu halitegemei hisia za mtu.

Chora safu tatu: umetimia, haukutimia, haupimiki. Kabla ya kuzijaza, andika maneno yenyewe na tarehe yaliposemwa. Kama kuna klipu au skrinshoti, ihifadhi, maana maneno hubadilika tukio likishapita. Utashangaa safu ya tatu inavyojaa. "Naona familia moja ina machozi" katika umati wa watu mia tano haiwezi kukosa. Hiyo iende "haupimiki", hata kama mtu alisimama akilia kwamba ni yeye.

Safu ya kwanza nayo ipime tena. Uliza: mtu asiye nabii angekisia vipi? "Disemba naona damu kwenye barabara ya Nairobi." Muuza madafu pale Mwembe Tayari angekwambia hivyohivyo, maana kila Disemba magari huwa mengi, madereva wamechoka na wanakimbizana na safari. "Naona maji mengi mwezi wa tano." Bwana, huo ni msimu wa masika! Unabii wa kuhesabika una tarehe, mahali na kitu ambacho kwa kawaida hakitokei.

Kisha angalia kinachofuata ukishindwa. Marekani, mhubiri William Miller na wafuasi wake waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya kurudi Kristo. Siku ikapita. Wapo walioacha, wapo waliosogeza tarehe, na wapo waliosema jambo lilitokea kweli, ila mbinguni, lisikoonekana. Njia hizo mbili za mwisho utazikuta kila mahali. Kiswahili chenyewe kina mtego huo: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Hebu niambie, litakuja lini ili tuseme halikuja?

Kosa lingine ni la pesa. Mtu aliyetoa fungu la kumi kwenye mshahara wa 20,000 kwa miaka minne ametoa 96,000. Akili yake itatafuta sababu ya kuamini ili zile 96,000 zisiwe bure. Ziandike ukurasa wake peke yake, uandike "zimekwenda", na usizitie kwenye hesabu ya kama jambo ni kweli au si kweli.

Nesi_Changamwe:

Dada, kuhusu hofu. Haikuingia kwa hoja, basi haitatoka kwa hoja. Iliingia kwa kurudiwa: makesha, kukosa usingizi, kufunga, sauti ya juu, na kisa cha fulani aliyeondoka akafa. Mwili ulijifunza, na mwili hujifunza upya kwa kupitia jambo lenyewe na kuona halidhuru.

Andika mambo unayoyaogopa, kila moja ulipe alama 0 hadi 10. Anza na yenye 3 au 4. Mathalani kusikiliza muziki uliokatazwa, au kupita mbele ya jengo lao. Kaa hapo mpaka hofu ishuke yenyewe. Mara nyingi ni nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Rudia siku kadhaa kabla ya kupanda ngazi nyingine. Hapa ndipo wengi wanapokosea: katikati ya zoezi wanasema kimyakimya ile sala ya kinga, au wanajipaka mafuta ya kuombewa yaliyobaki nyumbani. Hofu inashuka, lakini akili inayapa mafuta sifa, na kesho uko palepale. Kuomba kwako kwa kawaida kuna wakati wake, ila usikutumie kama ngao ndani ya zoezi.

Usifanye peke yako kama hulali siku kadhaa mfululizo, unasikia sauti, au unawaza kujidhuru. Nenda hospitali ya umma, useme wazi "nataka kuonana na wa afya ya akili", usiseme "kichwa kinauma" tu. Na kama ndani ya kikundi kuna watoto waliotolewa shule, wagonjwa wanaozuiwa dawa, au watu wanaofunga bila kikomo, hilo si la daftari. Hapa Kenya piga simu 116 kwa watoto, na polisi. Shakahola, kule wafuasi wa mhubiri mmoja walikofunga hadi kufa, si mbali na sisi, na miili iliyofukuliwa kule tangu 2023 ilipita 400.

Bi_wa_Tudor:

Ahsanteni sana. Mzee, shikamoo. Mawili yamebaki. Nitajuaje sijahamia kwa bwana mwingine? Wale wa kambi ya "tupa yote" nao wana video za saa tatu tatu na kila swali wana jibu. Na mama akipiga Jumapili kuuliza kama nimekwenda, niseme nini bila kumdanganya wala kumkosea?

Kongowea_Hesabu:

La kwanza lina mchezo wake, wa mwanasaikolojia Peter Wason, 1960. Mwambie mtu: 2, 4, 6 zinafuata kanuni fulani, itafute. Ataje namba tatu tatu, wewe umjibu ndiyo au siyo. Atasema 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Atatangaza "kuongeza mbili" kwa kiburi. Kumbe kanuni ni namba zinazopanda tu. Angejaribu 1, 2, 3 angepata "ndiyo" asiyoitarajia, na hapo ndipo angejifunza kitu. Video za saa tatu ni 8, 10, 12 mfululizo. Kwa kila msemaji mpya, tafuta alipowahi kusema "nilikosea" kwa sauti ileile aliyotangazia. Kama hakuna, ndege ni yuleyule, tundu ndilo jipya.

Pia tafuta mtu mmoja wa kupima naye. Mmoja atosha. Mwanasaikolojia Solomon Asch alipowaweka watu kwenye kundi lililokubaliana kusema mistari isiyolingana urefu inalingana, karibu theluthi ya majibu yao yalifuata kundi. Alipotia mtu mmoja tu anayesema kweli, kufuata huko kukaporomoka.

Mzee_wa_Kibokoni:

Marahaba mwanangu. Mama si kiongozi wa kikundi, usimjibu kama unamjibu yeye. Sheria iko nawe, Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa uhuru wa dhamiri na wa kuamini, ila hicho hakisomewi mzazi kwenye simu. Sema: "Shikamoo mama. Leo sikwenda. Naendelea kuyafikiria mambo hayo, na nikiwa tayari nitakueleza mwenyewe." Kisha muulize goti lake linaendeleaje, ungoje jibu. Akirudia, rudia sentensi ileile bila kuongeza sababu, maana kila sababu utakayoitoa itapelekwa kwa kiongozi ijibiwe. Ukihisi sauti inaanza kupanda, muage kwa adabu, na Jumatano umpigie wewe, kabla ya Jumapili nyingine.