Milima yangu yote inaonekana iko umbali mmoja

Swali: Wakuu, ndiyo naanza kuchora kidijitali, natumia Krita, programu ya kuchorea. Nina milima mitatu, mmoja nyuma ya mwingine, lakini inaonekana kama imebandikwa ukutani. Wa nyuma nimeupaka kijani kilekile, ila mdogo. Nifanyeje?

Jibu: Udogo pekee hautoshi, mkuu. Hewa hutawanya mwanga, hasa wa bluu, ndiyo maana mlima wa mbali hupauka na kukaribia rangi ya anga. Weka kila mlima kwenye tabaka lake (layer), kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Anza na anga, kisha mlima wa mbali kabisa. Kadiri unavyokuja mbele, ongeza giza na ukali wa rangi. Miti na nyufa za miamba ziachie mlima wa mbele tu. Na nyeusi tupu usiiguse, mimi siipendi kabisa.

Jibu: Geuza picha iwe ya kijivu kwa muda. Milima ikishikana, tatizo si rangi, ni mwanga na giza.

Mwuliza: Duh, wa pili na wa tatu imeshikana kweli! Brashi laini je?

Jibu: Ukungu wa bondeni tu. Kingo za miamba zinataka brashi ngumu.